Nusu Saa ya Baba Mbele ya Kamera

Wakati huo nilikuwa nafundisha sanaa chuoni Iringa. Mwalimu mwenzangu, mgeni kutoka Ulaya, alikuwa na kamera ya video na televisheni ndogo. Alinionyesha jarida lenye picha za wasanii wa kwao: mtu amekaa kwenye kiti, kamera haisogei, hakuna kinachotokea mpaka tepu iishe. Nilivutiwa mno. Nikaviazima vyombo vyake, nikapanda basi hadi Mbeya, kwa dada yangu mtaa wa Ilomba, ambako alikuwa akimuuguza baba.

Baba alikuwa amepooza upande mmoja, na kumbukumbu zilikuwa zimemchanganyikia. Maishani mwake hakuwahi kuona televisheni. Nilimkalisha mbele ya ile ndogo, nikaiunganisha na kamera ili ajione papo hapo.

Alikodoa macho. Kisha akasema kwa Kisafwa, "Kaka! Umerudi?"

Kaka yake alikwenda Makongolosi kutafuta dhahabu kabla mimi sijazaliwa, asionekane tena.

"Mama alikungoja mpaka akafa," baba alisema. Yule wa kwenye kioo naye akachezesha midomo. Baba akakasirika. "Nyamaza kwanza, niseme mimi!" Halafu akanyamaza yeye, amsikilize. "Mbona hujibu? Nimekukosea nini?" Machozi yakamtoka.

Dada akaja mbio kutoka jikoni. "Zima hicho kitu! Humwoni baba?"

"Bado kidogo, tepu haijaisha."

Ndivyo nilivyomjibu. Nilijua ile ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sikutaka kuikata.

Nilipozima, baba alijaribu kuinuka amfuate, akaanguka. Tulimrudisha kitini. "Amekwenda wapi?" akauliza. Dada akamwambia atarudi kesho.

Nikarudi Iringa, nikawaonyesha walimu wenzangu. Nilipowatafsiria pale baba anapomwamuru kaka yake anyamaze, walicheka. Na mimi nilicheka.

Barua ya dada ilifika mvua zilipoanza. Baba amefariki, aliandika. Alikuwa anakataa kula, anasema tumsubiri kaka yake kwanza.

Nilikwenda kuzika. Dada alinipokea mlangoni, akaniuliza habari za safari, akaniletea maji ya kunawa na kiti cha wageni. Hakunigombeza. Hakuwahi kunigombeza. Miaka yote iliyofuata, kila nilipokwenda kwake, aliniuliza habari za safari, nikamjibu njema, tukaishia hapo.