Nilimwambia Fundi Hamna Kitu Ndani

Wewe nakuhesabu ndugu yangu, kwa hiyo nitakueleza jambo ambalo hata mawifi zangu sijawaeleza lote. Sauti ya baba watoto wangu niliifuta mie. Fundi alitia mkono tu.

Mume wangu alikuwa akisomesha chuo Mji Mkongwe, watoto wadogo wanaoanza Kurani. Nyumbani kwetu Jang'ombe tulikuwa na kompyuta moja, ya mkono wa pili, tuliyomnunulia binti yetu mdogo kwa ajili ya skuli. Siku tulipoiwasha ikauliza: unataka akaunti ya mtandao, au ya humu humu ndani? Mie nilikuwa nshaanza masomo ya jioni ya kompyuta, nikajiona mjuzi. Mwalimu wetu alishatueleza kuwa ile ya mtandao nakala za vitu vyako zinawekwa huko kwenye mashine za wenyewe, na ukisahau neno la siri wanakutumia namba kwenye simu, unaingia. Ile ya humu humu inabaki nyumbani kwako. Ukisahau, shauri yako.

Mume wangu akasema, "Tuweke ya mtandao. Hiki kikongwe kikifa, vitu vitabaki."

"Na picha za harusi?"

Ilikuwa harusi ya binti yetu mkubwa, na picha zenyewe za siku ya kumsinga, kumsugua bibi harusi kwa liwa na manukato. Siku hiyo kwetu ni ya wanawake peke yao. Mabuibui yamevuliwa, kina mama wa heshima zao wanacheza nywele nje. Picha zile nilipewa kwa amana.

Akacheka. "Huyo mwenye mashine zake huko Ulaya ana mapicha ya paka mpaka yanamshinda. Ataacha paka amtazame shangazi yako?"

"Ana macho."

"Haya bibie. Yamepita yako."

Nikaweka ya humu humu, nikazitia zile picha, na moyo wangu ukatulia.

Binti yetu mdogo alikuwa mzito kidogo kwenye Juzuu Amma. Herufi ya dhadi ikimshinda kabisa. Baba yake, kwa kuwa akishinda chuoni na watoto wa watu, akawa baada ya sala ya alasiri anakaa mbele ya kompyuta anajirekodi. Simu yake ilikuwa kitochi, haiwezi mambo hayo. Akisoma sura moja moja, pole pole, anaacha nafasi mtoto afuatishe. Katikati ya aya utamsikia anasimama: "Hapana mama, hiyo dali. Ulimi uweke ubavuni. Tena." Mtoto mwenyewe wakati huo yuko skuli, zamu ya mchana. Lakini alijua pale atakosea, na kweli akikosea pale pale.

Kisha akagundua binti yake anafungua michezo badala ya masomo. Akabadilisha neno la siri, akanifuata jikoni.

"Nimebadilisha lile neno. Nikwambie?"

"Baadaye. Mafuta yanaungua."

Wiki ile ile akashikwa na homa, na siku ya nne tukamzika.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi. Mwenye haja ana ruhusa ya kutoka mchana, hilo nalijua. Ila mie sikuitaka ruhusa. Nilijiwekea kuwa sivuki kizingiti, na sikuvuka.

Katikati ya eda binti akapewa kazi skuli, akawasha kompyuta, ikamkatalia. Tukajaribu tarehe za kuzaliwa, majina ya watoto, majina ya sura. Ikaleta maswali yale aliyoyajibu marehemu siku ya kwanza, moja likitaka jina la mnyama wake wa kwanza. Huyo mtu alifuga mbuzi tu, na mbuzi akimwita mbuzi. Tukaandika mbuzi. Ikakataa.

Mdogo wangu wa kiume akaja kutujulia hali, akasema, "Dada, nnaipeleka Mwanakwerekwe, kuna fundi namjua. Nimwambie nini?"

"Mwambie aifungue, mtoto asome."

"Ndani mna vitu?"

Nikamwona akilini yule fundi, mwanamme nisiyemjua, anazipitia zile picha moja moja, wenzake wamemzunguka. Nikajibu haraka.

"Hamna kitu."

"Hamna kabisa?"

"Nshakwambia hamna."

Ikarudi kabla ya magharibi, inafunguka vizuri, nyepesi kama mpya. Mdogo wangu akasema fundi aliona kwa kuwa haina kitu, njia fupi ni kuisafisha yote na kuanza upya. Binti akakaa, akatafuta, akanigeukia. "Mama, za baba zi wapi?"

Nilikuwa nimezisahau. Wallahi, wakati nasema hamna kitu, nilikuwa nafikiria nywele za watu tu.

Eda ilipokwisha nilikwenda mwenyewe kwa fundi. Kijana wa adabu, aliniamkia shikamoo, akanipa kiti.

"Ungesema, mama," akaniambia. "Ningechomoa diski, nikahamisha mafaili yote bila kufungua hata moja. Lile neno la siri lisingenizuia. Sasa nshaandika vitu vipya juu yake."

Alijaribu siku mbili. Hakupata hata aya moja.

Na zile picha? Wote waliocheza siku ile walikuwa nazo kwenye simu zao. Shangazi yangu, picha ya kwake alishaiweka stetasi, watu wakaiona.

Juu ya sitara sijageuka, na mpaka leo picha za wanawake hazitoki nyumbani mwangu. Kifo cha mume wangu ni kadari na nimeridhika nacho. Lakini neno "hamna" nililitamka mie kwa ulimi wangu, na halikuwa kweli. Ningeweza kusema: zimo, naomba usizitazame. Fundi angeelewa.

Binti sasa anasoma kwa mwalimu mwengine. Juzi alinisomea sura nzima, akauliza, "Baba angesema sawa?" Nilimwambia, "Nadhani." Mie dhadi yangu mwenyewe si ya kutegemewa.

Basi haya usiyafiche kwa kunionea haya. Mwambie dada yako, mwambie jirani yako mwenye sauti ya mtu kwenye mashine moja tu, na yeye amwambie wa pili yake, kabla hajaulizwa kama ndani mna kitu.