Nduru ya Jerop

Jerop alikuwa anampimia mteja koti la mtumba wakati simu ya huyo mama ilipoita. Haikuita kama simu. Ilipiga nduru, nduru ndefu ya mwanamke, kisha "Mama! Mama wee!", halafu sauti ya mwanamume ikasema, "Pole dada, kwani umekumbuka umeacha githeri motoni?" Mteja akacheka, akakata simu, akaomba apunguziwe. Jerop akampunguzia. Hakumwambia kwamba aliyepiga hiyo nduru ndiye aliyeshika koti.

Nakuru nzima inaijua. Toka Section 58 mpaka Molo utaisikia kwa kinyozi, kwa mama wa chapati, hata kwa mazishi mtu akisahau kuzima simu. Jerop mwenyewe hawamjui, maana kwenye sinema ilikotoka hiyo nduru amevaa miwani myeusi na wigi la kuazima. Na kwa mwaka mzima huyu dada ametaka kitu kimoja tu: nduru yake iache kuchekwa.

Yeye ni wa Kuresoi. Shuleni alikuwa anakimbia mbio za kuruka viunzi na maji, akafika mashindano ya kaunti, akamaliza wa nne. Huku kwetu, wa nne ni mtazamaji aliyevaa viatu vya michezo. Watatu wa mbele walienda kambi ya mazoezi, yeye akaja Nakuru kuuza makoti. Ndipo Lewis Mwaura akamwona akiruka mtaro wa maji machafu na furushi la nguo kichwani, bila kuangusha hata soksi.

Mwaura alikuwa mpiga video za harusi. Kwa miaka tisa alikuwa amepiga picha watu wakikata keki, na sasa alitamani kuona watu wenyewe wakikatwa. Akaandika sinema, *Jasusi wa Menengai*, kuhusu mpelelezi wa kike anayesaka genge la wezi wa mbolea. Bunduki zilichomelewa na fundi wa mageti. Moja ilikuwa bado na bawaba. Polisi walikuwa mabawabu wawili waliokuja na sare zao na uchovu wao, wakawa wanasinzia katikati ya msako. Mimi nilishika maikrofoni iliyofungwa kwenye mpini wa ufagio. Nilikuwa nimesoma utangazaji mihula mitatu kabla ya chuo kunichoka, kwa hivyo mimi ndiye nilikuwa mtaalamu.

Tulicheka sana hizo wiki, na Jerop alicheka kutushinda. Alikuwa anapanda kuta, anapita madirishani, halafu anauliza kama arudie.

Sinema ilihitaji mruko mmoja mkubwa: jasusi anaruka kutoka paa la ghala. Ghala lilikuwa la mjomba wake Jerop, Mzee Kiptanui, huko Kuresoi. Ijumaa tulijaza magunia ishirini kwa majani makavu ya mahindi, tukayapanga chini ya paa. Jerop akajaribu mara tatu kutoka kwa ngazi, akatua kama amerudi kitandani. Tukashuka mjini, turudi Jumapili kupiga picha.

Jumamosi Mzee Kiptanui akavuna viazi. Dalali alikuwa anakuja Jumatatu na mvua ilikuwa inatisha, kwa hivyo vibarua wake wakapanga viazi pale pale chini ya paa, magunia yetu wakayasukuma nyuma ya ghala. Sasa, dalali wa viazi hanunui gunia la kawaida. Anataka lumbesa: gunia linajazwa mpaka lipite mdomo, linaongezewa kofia juu, na kofia inazibwa kwa majani na kushonwa kwa kamba. Ukisimama mbele yake, kitu unaona ni majani. Mtu wa Kuresoi angejua kwa vile gunia lilivyokaa. Sisi wa mjini tuliona majani, tukaridhika.

Mtu wa Kuresoi alikuwepo mmoja tu. Alikuwa juu ya paa na miwani myeusi. Mjomba wake alikuwa bado kanisani.

"Magunia ni yale yale?" Jerop akauliza.

"Ni yale yale!" Mwaura akamjibu. "Harakisha, wingu linakuja!"

Hakuna aliyegusa hata moja. Mwaura hakugusa, mimi sikugusa.

Aliruka vizuri. Viazi havikubonyea. Kwenye hedifoni nilisikia mfupa kabla ya kusikia nduru. Mpiga kamera akaanza kushusha kamera, Mwaura akamfokea, "Usizime! Wewe, usizime!" Na mimi, ambaye hakuna aliyeniambia chochote, nikausogeza ufagio karibu na mdomo wa Jerop. Ndio maana nduru ilitoka safi hivyo. Watu husifu sauti ya ile sinema. Ilikuwa nzuri hapo tu.

Paja lilikuwa limevunjika mahali pawili. Daktari akaweka chuma. Mwaura akaja wodini na ndizi.

"Hiyo sehemu sitaiweka, Jerop. Haki ya Mungu."

"Weka nikiruka," Jerop akasema. "Nikiwa hewani, weka. Nikifika chini, kata."

"Nitakata."

Hakukata. Siku ya kuonyesha tuliazima ukumbi, wakaja watu kama hamsini, wengi wao maharusi wa zamani wa Mwaura. Nduru ilipofika hakuna aliyecheka. Jerop alikuwa kiti cha mbele na magongo yake, na hakutazama picha tena. Alimtazama Mwaura mpaka taa zikawashwa.

"Nilijaribu kukata," Mwaura akamwambia. "Lakini bila hiyo, sinema yote ni watu wanakimbia tu."

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi. Jerop akampa mgongo. Hawajaongea tena.

Sinema ikafa wiki hiyo hiyo, na Jerop hakuililia. Angeachwa hapo, angepona. Lakini ikamfikia Sitati.

Sitati ni mmoja wa wale watu wa kuongelea sinema. Picha za ng'ambo zinacheza, yeye ana maikrofoni, anatafsiri yaliyosemwa na ambayo hayakusemwa, na watu huja kumsikia yeye. *Jasusi wa Menengai* haikuhitaji mkalimani, ilikuwa ya Kiswahili. Akazima sauti yote, akaongea juu yake mwanzo hadi mwisho, akabakisha nduru. Akairudisha mara tatu. Ya tatu akaipachika githeri. Ndani ya mwezi mmoja ilikuwa kwa simu ya kila mtu.

Jumapili moja mchana Jerop akaniambia nimpeleke. Magongo alikuwa ameyaacha, lakini anachechemea. Tukamkuta Sitati kwenye banda lake la mabati, anaunganisha nyaya.

"Boss, nimekuja kwa sababu ya ile nduru," Jerop akasema. "Itoe."

"Ala! Nikitoa hiyo nitabaki na nini, dada? Mabawabu wakilala?"

"Ni yangu."

"Ni ya Jasusi."

"Jasusi ni mimi. Nilivunjika hapo. Sikuwa naigiza."

Sitati akautazama mguu wake, kisha akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaketi kwenye benchi na nyaya mkononi.

"Haki sikujua. Pole, dada." Akafikiri. "Lakini hata nikitoa yangu, siwezi kuingia mifukoni mwa watu nifute za simu. Wacha hivi. Leo naicheza. Ikifika hapo nakupa maikrofoni, uwaambie wewe mwenyewe. Wakijua, wataacha."

Naamini alimaanisha. Na mimi nilimsihi Jerop akubali, hiyo pia iandikwe.

Banda likajaa. Wakulima waliotoka kanisani, mafundi, akina mama wawili watatu. Picha ikafika kwenye paa, Sitati akanyamaza, akampa Jerop maikrofoni. Kwenye ukuta jasusi akaruka, mguu wa mbele umenyooka, mgongo wima, na kwa hiyo nukta moja nilielewa kwa nini alitaka sehemu hiyo ibaki. Kisha nduru. Wengine walishaanza kucheka.

"Huyo ni mimi," Jerop akasema. "Naitwa Jerop. Hayo magunia ni viazi. Hapo paja langu limevunjika mahali pawili, na ninamwita mama yangu."

Waliokuwa wanacheka wakageuka kumtazama.

"Lumbesa!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Jamani, ameruka kwa lumbesa!"

Banda likalipuka. Hao watu wamebeba lumbesa maisha yao yote, wanajua uzito wake, na ndio maana waliona ni kichekesho kuliko githeri. Walipiga mabati kwa ngumi.

"Si mchezo," Jerop akasema. "Bado nina chuma ndani."

"Ana chuma!" Wakazidi. "Sitati, rudisha! Rudisha, na huyo dada aongee tena!"

Sitati akamtazama Jerop, akawatazama watu wake. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe muda mrefu, kwa hilo namsifu. Kisha akarudisha.

Jerop alikuwa ameshaweka maikrofoni kwenye benchi. Watu wakampisha wakimpigia makofi. Mlangoni mzee mmoja wa suti ya kanisa akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Msichana wangu, wewe ni mkali," akamwambia. "Hata kuchechemea, unachechemea kama ukweli."

Jerop akamwambia asante, mzee, akashuka ngazi akitanguliza mguu wenye chuma.