Mashine Iliyofundishwa Kuitikia Upesi

Mtu aliyenifundisha kompyuta amefariki. Habari ilinifikia Jumatatu nikiwa jikoni, kwa simu ya mama mmoja niliyefanya naye kazi zamani katika hospitali ndogo ya Thika, na swali langu la kwanza halikuwa aliugua nini. Nilimwuliza, "Kuna chochote alichosema kabla hajafa?" Yule mama akanijibu, "Kwani wewe bado unashikilia hayo mambo? Mtu amekufa, aki." Ndiyo, bado nayashikilia. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba katika ukurasa huu huwa nawaaga watu kwa maneno laini, na wapo walionitania kwamba kwangu hakuna marehemu aliyewahi kuwa na kasoro. Leo mtanivumilia. Nilikwenda kumzika nikidhani kinyongo changu kitapoa, na nilichokisikia pale kimekichochea upya.

Tulijuana katikati ya miaka ya tisini. Yeye alikuwa fundi wa kompyuta pale hospitalini, kijana mrefu wa Ruiru, bisibisi mfukoni mwa shati kila siku ya Mungu, mcheshi, mwepesi wa kuomba radhi na mwepesi zaidi wa kuomba chakula cha mwenzake. Mimi nilikuwa binti wa Majengo, karani wa dirisha la majibu ya maabara, naye alikuwa akinitania kuhusu Kiswahili changu cha nyumbani, "Madam, ukiongea hivyo hata mgonjwa anasahau ugonjwa." Kazi yetu pale ilikuwa na desturi moja ambayo lazima niieleze, kwa sababu kila kitu kinaning'inia juu yake. Mama wa maabara, huyo aliyenipigia simu, alikaa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Akimaliza kupima damu ananisomea majibu kupitia tundu dogo, nami nayaingiza kwenye kompyuta. Kisha nangoja. Skrini ikiandika kwamba majibu yamehifadhiwa, nagonga ukuta kwa kidole, naye anamwaga ile damu na kuosha chupa kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Kitabu cha maabara kilikuwa kimeshafungwa kabatini, maana wakubwa walisema kuandika mara mbili ni kupoteza wakati. Kwa hiyo kugonga kwangu kulikuwa na maana moja tu: yamefika mahali salama, mwaga.

Shida ilikuwa huko kungoja. Kila jibu lilichukua muda hadi nikaanza kuhesabu misumari ya ukutani, na foleni ikafika langoni. "Hii mashini yenu inalala?" wazee waliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeibembeleza. Yule kijana akasema ataiponya. Mfumo wa kompyuta ile ulikuwa wa bure, ulikuja kwa disketi nyingi zilizofungwa kwa raba, na uzuri wake ni kwamba mtu mwenye ujuzi angeweza kuufungua mpaka kwenye kiini, yaani ile sehemu ya ndani kabisa ambayo programu zote huiomba kazi, akaibadilisha. Jumamosi moja mchana alinipeleka kunywa chai kwenye ile hoteli kongwe ya maporomoko ya Chania, na badala ya kutazama maji akawa anamtazama mhudumu.

"Unaona huyu?" akaniambia. "Anaenda jikoni akiwa na order moja. Anarudi. Anaenda tena na ingine moja. Na kila order anaiandika, anampa mwenzake anaiandika tena, mpishi naye anaiandika. Hivyo ndivyo hii mashine yetu inapeleka vitu kwa diski."

"Sasa utamfukuza mhudumu?"

"Wee! Simfukuzi. Namfundisha akusanye order za meza zilizo karibu, aende mara moja. Na hayo maandishi ya katikati tunatoa. Hata ukisoma tu faili, hiyo mashine inakimbia kwa diski kuandika eti imesomwa saa ngapi. Nani aliuliza?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Na nitasema haki, kwa sababu nisiposema haki sitofautiani naye: alikuwa fundi wa kweli. Alifanya yote aliyoyasema. Alipunguza kunakili kule kwa bure kati ya tabaka na tabaka, akapanga maombi yaende kwa diski kwa mafungu kufuata mahali yanapokwenda, akafuta zile kumbukumbu za saa ya kusomwa ambazo hazikumfaa mtu. Foleni ikarudi nyuma kutoka langoni hadi kwenye benchi. Nilijivunia kujuana naye. Nilimletea githeri ya nyumbani, mahindi na maharagwe, kila Ijumaa, akala huku akinieleza mambo ambayo mkuu wake hakuwa na subira ya kuyasikia.

Kisha tukaambiwa kuna wageni wanakuja kuiona kompyuta yetu, wakipendezwa wataleta nyingine. Jumatatu iliyotangulia ziara hiyo nilifika kazini, nikaingiza jibu la kwanza, na skrini ikasema limehifadhiwa kabla sijaondoa kidole. Nikashtuka. Nikamwita.

"Umefanya nini?"

"Nimetoa kungojea, madam. Wewe gonga tu."

Nikagonga tu. Wageni wakaja, wakapiga makofi, naye akashikwa mkono mbele ya watu. Hakuniambia, wala hakumwambia mtu yeyote pale, kwamba safari hii hakuwa amemfundisha mhudumu kutembea vizuri. Alikuwa amemfundisha kumwambia mteja kwamba chakula kiko mezani huku sufuria haijapanda jikoni. Majibu yalikaa kwenye kumbukumbu ya mashine, ile ambayo stima ikikatika haina kitu, yakingoja diski ipate nafasi, na siku zenye wagonjwa wengi nafasi haikupatikana.

Stima ilipotea alasiri moja ya mvua. Jenereta ikaunguruma baada ya kitambo, kompyuta ikaamka, na majibu ya tangu asubuhi hayakuwamo. Damu ilikuwa imeshamwagwa yote. Nikasimama dirishani kuwaambia watu kwamba watadungwa upya. Shosho mmoja alikuwa ametoka Kalimoni na mjukuu mwenye homa, mtoto aliyekuwa amelia asubuhi mpaka sauti ikakauka, na akauleta uso wake karibu kabisa na kioo. "Si ulisema imeingia? Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, ulisema imeingia." Mtoto alipoiona sindano tena alinitazama mimi, si mwenye sindano.

Kesho yake msimamizi wa hospitali, mama mkali lakini asiyependa kuonea mtu, akatuita ofisini sote watatu. Akamwuliza fundi kama mashine ilikuwa na kasoro. Yule kijana akatazama meza. "Mashine iko sawa. Labda madam aligonga kabla screen haijajibu. Mtu akichoka inaweza kutokea." Nikasema niliingoja skrini kila mara. Nikamgeukia na kumwomba aseme kwamba mashine siku hizi inajibu upesi. Mama wa maabara akasema polepole, bila ubaya, "Lakini ni kweli siku hizi ulikuwa unagonga haraka sana." Na ilikuwa kweli. Niligonga haraka kwa sababu skrini ilijibu haraka. Mwisho wa mwezi nikafutwa kazi. Alinifuata mpaka langoni akiwa na bakuli langu la githeri, limeoshwa vizuri, akaniambia, "Madam, usijali. Nitaongea na msimamizi."

Nilimngoja. Thika si mji mkubwa, na kwa muda mrefu nilikuwa "yule aliyemwaga damu za watu." Niliomba ukarani sehemu nyingi, na kila nilipofika habari ilikuwa imefika kabla yangu. Nikikutana naye Ruiru sokoni ananiita kwa furaha, "Sasa madam! Nilishaongea naye, anafikiria." Miaka ikapita anafikiria. Ndipo nilipokutana na msimamizi harusini, amestaafu, nikamwuliza kwa heshima kama aliwahi kuletewa maneno yangu. Akashangaa. Hakuna aliyewahi kumwambia lolote. Hata hapo nilidhani ni woga tu, kwamba kijana hakujua kilichotokea na aliogopa kusimama na mtu aliyeanguka. Nilimpunguzia kosa kwa kutojua kwangu, na hilo linaniuma kuliko ukarani niliopoteza.

Miaka ile, tukumbuke, kila mtu alikuwa anapunguza. Viwanda vya nguo vilipunguza watu mpaka vikabaki na walinzi, ofisi zikapunguza makarani, na neno "hasara" likabandikwa kwa chochote kilichochukua muda. Kuandika mara mbili, hasara. Kukagua, hasara. Kungoja, hasara. Yule fundi alikuwa mtoto wa wakati wake, na nusu ya aliyoyafuta yalistahili kufutwa. Ila kuna kungoja ambako ni uvivu wa mashine, na kuna kungoja ambako ndiko kazi yenyewe, kwa sababu upande wa pili wa ukuta kuna mtu ameshika chupa, na atamwaga kwa neno lako. Aliyekijua kiini namna ile hakushindwa kutofautisha hayo mawili.

Nasema hakushindwa kwa sababu sasa nina uhakika. Tulimzika Gatongora juzi, shambani kwao nyuma ya nyumba. Alikuja kuwa mwalimu, kumbe, na wanafunzi wake walijaa mahema mawili. Mmoja, bwana mzima mwenye suti, akashika kipaza sauti kumsifu. "Mwalimu hakuwa anaficha makosa yake. Kila darasa alikuwa anatuambia vile aliifanya diski idanganye kule Thika, stima ikapotea, majibu ya hospitali yakaenda. Alikuwa anasema, vijana, mimi nilijua siku hiyo hiyo. Msirudie. Ati hata kuna karani alifutwa!" Watu wakacheka kwa upendo, kama watu wanavyocheka matangani. Mama wa maabara, aliyekaa kando yangu, hakucheka. Akanishika goti, nami sikuutoa mkono wake wala sikuushika.

Darasa baada ya darasa, mwaka baada ya mwaka. Alikiri kwa vijana wasionijua, wakampenda kwa kukiri kwake, na mimi nilikuwa umbali wa safari fupi ya basi. Ninachowaachia leo ni hiki, na sikisemi kwa utulivu: ungamo lina anwani. Ukilipeleka kwa kila mtu isipokuwa uliyemkosea, hujakiri. Umejipatia hadithi nzuri ya kusimulia, na mwenzako bado yuko dirishani anatazamwa na mtoto.

Tulipopangwa kupita kumuaga, jeneza lilikuwa la mbao nyepesi, mbao kama zile za ukuta wetu wa maabara. Mjane wake, asiyenijua, akaninong'oneza, "Asante kwa kuja, alikuwa mtu mkweli sana." Nikasimama. Kidole changu kikainuka chenyewe, kwa mazoea ya zamani ya kusema yamefika salama, hadi karibu kabisa na ule ubao. Nikakikunja, nikapita. Sikugonga.