Gurudumu la Kushoto, Njia ya Namoto

Jambo la kwanza mtu analoliona kwa Wahida ni miguu. Kabla ya kuwasha gari huvua ndara, huzisukuma chini ya kiti, kisha hukanyaga pedali kwa nyayo tupu zenye hina iliyofifia. Wageni hucheka. Wenyeji wa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, wameshazoea, kwa sababu Rav4 yake kuukuu ndiyo inayowapeleka wapishi na wafagiaji hadi lango la mradi wa gesi wa Afungi kila kukicha.

Asubuhi ile hakupakia mpishi hata mmoja. Alikuwa anakwenda Namoto, kwenye kivuko cha mto Ruvuma, kumpokea binti yake Sumaia. Tangu vita vilipoingia mjini na watu wakatawanyika, mtoto alikuwa Mtwara kwa bibi yake. Aliondoka akibebwa mgongoni. Sasa anasoma na kuandika. Leo angevushwa na Zaida, mfanyabiashara wa vitenge, ambaye alikuwa amesema wazi kwenye simu: "Mimi navuka maji yakijaa, na narudi na maji hayohayo. Nisipomkuta mtu, mtoto narudi naye."

Yalishatokea mara moja. Barabara ilifungwa ghafla, Sumaia akavuka, akangoja, akarudishwa. Baada ya hapo kila Wahida alipopiga simu, bibi alijibu kwa sauti ya aibu: "Hataki kuongea, mwanangu. Amejifunika shuka."

Kando yake alikaa mjomba Tuaibo, kaka wa mama yake, amevaa kanzu ya Idi. Kwao mtoto aliyekuwa mbali hapokewi na mama peke yake. Lazima mjomba awepo. Walikuwa hawajatoka hata mjini, wako kwenye barabara mpya ya matofali karibu na soko, ndipo msafara wa malori ulipojitokeza mbele yao, taa zinawaka, vumbi nyuma.

Kila dereva wa huku anajua la kufanya. Msafara haumpishi mtu; ukija hufungi breki. Unakata kushoto, unaingia mchangani, unasubiri upite. Mikono ya Wahida ilifanya hivyo kabla ya akili kuamka. Lakini barabara mpya haina mchanga pembeni. Ina ukingo wa zege, umesimama wima kama kizingiti cha msikiti.

Kishindo kilimrusha mjomba mpaka kofia ikamdondoka.

"Subhanallah! Umeua nini?"

"Sijaua kitu, mjomba. Nimegonga ukingo."

Malori yakapita. Wahida akarudi nyuma taratibu, akaenda polepole hadi kwa Feliciano, fundi Mmakonde mwenye uwanja wake nyuma ya kituo cha mafuta.

Feliciano alichuchumaa mbele ya gurudumu la kushoto. Alipitisha kiganja kwenye tairi, nje na ndani, akitafuta uvimbe. Akaikagua ringi kama imepinda. Akachungulia shokapu kama linavuja mafuta. Akapima kwa shubiri nafasi iliyopo kati ya tairi na bodi, kisha akaenda upande wa pili akapima tena. Mwishowe akakandamiza boneti kwa mikono miwili na kuiachia. Gari likainuka mara moja, likatulia.

"Mana Wahida, dada yangu, una bahati," alisema. "Sioni kitu."

"Si nilisema!" Mjomba Tuaibo alishafungua mlango. "Gari linatembea, linatembea. Mpwa wangu huyu ukimpa mbuzi atamlaza chini amkague magoti. Twende, maji yanapanda!"

Wahida hakuingia. Kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua ila yeye. Kutoka sokoni hadi pale, usukani ulikuwa umekaa upande, na unyayo wake wa kulia ulihisi mtetemo mdogo ambao jana haukuwepo. Akinyamaza, watakuwa njiani sasa hivi. Akisema, fundi atafungua vyuma, na vyuma vikishafunguliwa hakuna ajuaye vitafungwa lini. Alimwona Sumaia amesimama ukingoni mwa mto, anatazama kila gari. Halafu akaiona njia ya Namoto, mashimo yake na pori lake, na Sumaia huyohuyo amekaa ndani ya gari wakati wa kurudi.

"Mestre," alimwambia fundi, "usukani umeinama. Nikiunyoosha, gari linavuta kushoto."

Mjomba akafunga mlango kwa nguvu. "Ala! Kwa nini hukulimeza hilo neno?"

"Kwa sababu nitampakia mtoto, mjomba."

Feliciano akaleta jeki. Gurudumu liliponing'inia, akalishika juu na chini, akalitikisa. Kimya. Akalishika kulia na kushoto, akatikisa. *Kitiki.* Sauti ndogo, kama jino linalotaka kung'oka. Akajilaza mgongoni, akaingia chini na tochi ya simu.

"Tairodi," sauti yake ilitoka uvunguni. "Huu ufito unaolivuta gurudumu ukikata kona. Umepinda, na kichwa chake kimelegea. Kwenye lami utafika hadi mji wa Pemba, kusini huko. Kwa njia ya Namoto, shimo la tatu gurudumu linageukia linakotaka lenyewe."

"Unyooshe basi," mjomba alisema.

"Chuma kikishapinda, mzee wangu, hukinyooshi halafu ukakipa roho ya mtu."

Mjomba akaelekeza bakora yake kwenye kona ya uwanja, kwenye mifupa ya gari lililoungua siku za shambulio. "Na lile je? Si Rav4 lile?"

"Lile limepikwa. Halitoi kitu."

Palikuwa na Rav4 nyingine, nzima ila haina injini, imefunikwa turubai. Ilikuwa ya Benvinda, mfanyabiashara wa maharage aliyekuwa Mueda kwa msiba. Feliciano hagusi gari la mtu bila ruhusa. Alipiga simu. Mtandao ukakata. Akapiga tena, ukakata. Wahida aliichukua simu, akapanda juu ya rundo la matairi, akainyoosha juu kama anayechuma papai. Ikaita.

"Ni nani?" Benvinda aliuliza, kelele za watu zikiwa nyuma yake.

"Ni Wahida, mana, wa gari la Afungi. Pole na msiba. Nimegonga ukingo, naomba tairodi ya gari lako, nitairudisha mpya. Mwanangu anavuka leo."

"Yule uliyeniambia hataki kuongea?"

"Ndiye."

"Mpe simu Feliciano," Benvinda alisema. Wahida akasikia kila neno hata simu ilipotoka sikioni mwake: "Toa, wewe! Unangoja nini?"

Feliciano alifanya kazi bila kuinua kichwa. Nati moja ilikataa, akaipiga, akaipaka mafuta, akaipiga tena, huku mjomba akitembea huku na huku akisoma dua kwa sauti ya kugombana. Kisha fundi akavuta kamba kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akakaza, akalegeza, mpaka kamba ikalala sawa kwenye mpira wote. Wahida akazunguka uwanja mara moja, akaachia usukani kidogo. Gari lilikwenda mbele tu. Unyayo ulitulia.

"Rudi uniletee hilo gari kesho nilikague," Feliciano aliita, lakini walishatoka.

Njia ilikuwa mbaya kama siku zote. Wahida alipunguza mwendo kwa kila shimo, na mjomba, kwa mara ya kwanza maishani mwake, hakumhimiza mtu. Askari wa kizuizi walitazama makaratasi, wakatazama kanzu, wakawapungia wapite.

Namoto maji yalikuwa yamejaa, yamepanda hadi kwenye mikoko. Wahida alishuka pekupeku, akakimbia mpaka tope likamfika kwenye vifundo. Wachukuzi walisema boti la Zaida bado. Mjomba akamfikia akihema.

"Lile pale?"

Katikati ya mto boti lilikuwa linakuja, limejaa marobota ya vitenge na vichwa vya watu. Wahida alikinga jua kwa kiganja, akahesabu vichwa vidogo, akakosea, akaanza upya. Injini ilipungua sauti. Mtu mmoja mfupi, kimo cha mtoto, alisimama kati ya marobota, na mkono wa mtu mzima ukamvuta akae.

"Ndiye?" mjomba aliuliza.

"Ngoja kwanza," Wahida alisema, na tayari alikuwa ameingia majini hadi magotini.