Leso ya Mama Mkwe na Klachi Iliyotazama Nyuma

Kwa miaka mingi mkasa huu sikumsimulia mtu, na aliyeuliza nilimwambia gari liliharibika tu njiani, basi. Lakini leo naona mmeshiba, mmetulia, na wengine mnajifanya hamnicheki kumbe mmeshadokezwa na mke wangu, kwa hiyo bora muusikie kwangu mwenyewe: ndiyo, mimi Adriko, karani mpiga taipu wa ofisi ya ardhi, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa, niliwahi kutembea mchana kweupe kutoka Kasubi hadi Lubaga nikiwa nimevaa leso ya mama mkwe wangu na chini yake sina kitu cha maana.

Chanzo ni usafi wangu. Nilikuwa na gari la Kijerumani la dizeli, kuukuu, la rangi ya krimu (krimu kwa heshima, maana moshi ulikuwa umeshaligeuza rangi ya uji wa ulezi), na enzi zile za utawala wa kijeshi kuwa na gari linalotembea ilikuwa ni kama kuwa na kisima chako. Vipuri havikuwepo, maduka yalibaki rafu tupu, teksi zilikuwa za kuhesabu, na Justina, mke wangu, alikuwa na mimba ya kwanza, tena mimba ambayo wakunga waliigusa wakatingisha vichwa na kusema mtoto amekaa vibaya, uchungu ukianza tu awahishwe hospitali ya mlimani Lubaga, asijaribu kuzalia nyumbani. Sisi tulikaa Kawempe. Hapo ndipo nilipompigia kifua. "Gari litakuwa tayari," nikamwambia, "hata kama italazimu nilifungue hadi msumari wa mwisho."

Nikalifungua kweli. Injini ilikuwa inakunywa oili kuliko dizeli, na klachi ilikuwa inateleza hata kwenye kilima cha kuku. Kwa wiki sita nyumba yetu ilikuwa gereji: pistoni zimepangwa juu ya kabati la vyombo, vali dirishani, kichwa cha injini kimelala mahali pa kochi, na Justina na tumbo lake anakula katogo ya ndizi huku amepakana na giaboksi. Hakulalamika. Siku moja tu aliniuliza, "Ssebo, bwana wangu, mtoto akija tutamlaza wapi, ndani ya boneti?"

Pleti ya klachi nilimpelekea Papa Mbuyi, Mkongo mmoja wa Namuwongo, fundi ambaye kibanda chake kilikuwa kinatetemeka kila treni ikipita. Alikuwa bingwa wa kuvika pleti kuukuu ngozi mpya, anagonga riveti moja moja huku anaimba nyimbo za kanisa. Aliponikabidhi aliichora alama kubwa ya chaki upande mmoja, akanishika mkono. "Weye mutu wa kalamu, sikia muzuri. Hii ngambo yenye alama iangalie injini, hii ngambo ingine iangalie giaboksi. Ukigeuza, utarudi hapa na machozi." Nikacheka, nikamwambia mimi si mtoto.

Sasa mnijue. Mimi siwezi kuweka kitu kichafu ndani ya kitu kisafi. Jumapili ile ya kuunganisha, nilikuwa nimeosha kila kitu kwa mafuta ya taa, kila boliti imepigwa msasa, majirani wanapita wanasema injini hii inafaa kuliwa juu yake, na mimi nikavimba kichwa, nikaichukua na pleti (kwenye chuma chake tu, ngozi sikuigusa, mjinga sikuwa kiasi hicho) nikaisugua kwa kitambaa mpaka ikang'aa. Nilipoinua kitambaa, chaki haipo. Nikaigeuza huku, nikaigeuza kule. Pande zote mbili zilinitazama sawasawa. Kutoka Kawempe hadi Namuwongo ni mwendo wa mji mzima, mvua inanyesha, na kusema kweli sikutaka Papa Mbuyi anione narudi kuuliza jambo moja mara mbili. Nikasema moyoni, klachi ni klachi, itajua yenyewe. Nikaichomeka.

Jioni hiyo injini iliwaka. Jamani, iliwaka! Ikanguruma vizuri hata nikataka kulia, majirani wakapiga makofi, Justina akapiga vigelegele akiwa amekaa, na kwa kuwa dizeli ilikuwa kidogo nikaizima haraka, sikuijaribu hata gia moja. Nikaoga nikalala usingizi wa mshindi.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimevaa kaptura yangu ya kazi, niko chini ya gari nakaza boliti za mwisho, nikasikia Justina anaita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Uchungu umeanza. Mama mkwe wangu alikuwa amefika tangu Ijumaa kumsubiri mjukuu, na hapa lazima niwaeleze wale ambao hamkuoa Buganda: mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni. Ukivunja, wanasema utashikwa na obuko, ugonjwa wa kutetemeka mwili hadi uzeeni. Mimi ni mtu wa Arua, kwetu nako tunawaheshimu wakwe, lakini si kwa ukali huo. Hata hivyo kwa miaka miwili nilikuwa nimejitahidi. Akiingia sebuleni mimi natokea jikoni. Alikuwa ananisemesha kupitia kwa Justina, hata tukiwa chumba kimoja. Kwa hiyo asubuhi hiyo, mke akiwa analia, tulipoteza dakika nzima tunafunga shuka katikati ya gari, mbele mimi, nyuma wao.

Nikawasha. Nikakanyaga klachi, nikaingiza gia. Grrraaa! Gia inalia inakataa. Nikajaribu tena, meno yakataka kunitoka mimi mwenyewe. Klachi ilikuwa haiachii hata kidogo, na hapo hapo, bila ya kuambiwa na mtu, nikajua nimeiweka kinyume. Nyuma ya shuka mama mkwe akamuuliza Justina kwa Kiganda kwa nini gari linalia na haliendi. Justina akajibu kwa kelele.

Kulikuwa na njia moja. Nikaizima, nikaweka gia ya kwanza ikiwa imezimwa, nikageuza ufunguo, stata ikalisukuma gari zima likaruka kama mbuzi, injini ikashika, tukatoka uani na kipande cha ua wa jirani. Tulikuwa tunakwenda! Ila sasa jueni hali yangu: nikisimama injini inazima, na betri ilikuwa ya kuazima, ilikuwa imetoa nguvu yake ya mwisho pale. Kwa hiyo sikusimama. Bwaise nilipita nikipiga honi mfululizo, baiskeli zinaruka mtaroni, mama mmoja wa matoke akanitukania ukoo, na mimi narudia tu, "Samahani, samahani, klachi!" Kama vile angenielewa.

Tukapita Kasubi. Mbele kidogo, kabla ya mteremko wa kuelekea Nakulabye, mapipa mawili barabarani na askari wawili. Kizuizi.

Hapo hakuna cha kufikiria. Siku zile mtu asiyesimama kwenye kizuizi hakuishi kusimulia klachi yake. Nikakanyaga breki, gari likajikunja, injini ikakata roho.

"Wewe! Kwa nini nakuja na mbio? Iko nini nyuma ya shuka?" Askari aliyekuja alikuwa koplo mrefu, macho mekundu. Nikaeleza, mke ana uchungu, gari bovu. Akafunua shuka, akamwona Justina amejikunja, akaliachia upesi. "Basi kwenda!" Nikageuza ufunguo. Tik. Nikageuza tena. Tik.

"Afande, inataka kusukumwa," nikasema.

Watu waliokuwa wanapita walishatoweka, maana pale palipo na kizuizi hakuna aliyekuwa anakaa kutazama. Askari wa pili hakuwa tayari kuweka bunduki yake chini. Koplo akavua kofia. "Mimi dereva ya lori, dizeli naelewa. Wewe toka, sukuma. Mimi nashika usukani." Nani angembishia? Nikatoka. Na kabla sijafika nyuma ya gari nikamwona mama mkwe wangu ameshashuka, amejifunga vizuri gomesi lake, lile vazi refu la Kiganda, leso mpya ya njano mabegani, ameweka mikono kwenye buti. Akageuza uso pembeni, akamwambia koplo kwa Kiswahili chake, "Afande, mwambie huyo musajja asukume kwa nguvu, na asiangarie mimi."

"Sukuma kwa nguvu, usiangalie yeye!" koplo akapaza sauti, kwa utii kamili.

Tukasukuma, mimi na mama mkwe, kiwiko kwa kiwiko. Nilikuwa nimefumba macho, nasubiri kutetemeka. Gari likaanza kuteremka, likaongeza kasi, koplo akalazimisha gia ya pili, injini ikakohoa wingu jeusi, ikashika, likafyatuka! Lakini mfuko wa kaptura yangu ulikuwa umenasa kwenye ndoano ya bampa. Nikavutwa hatua tatu, nikasikia kitambaa kinapasuka, nikaanguka kifudifudi. Nilipoinua kichwa niliona gari langu linapotea kwenye mteremko, ndani yake mke wangu na askari mwenye bunduki, na nyuma yake kaptura yangu, sehemu yote ya kukalia, inapepea kwenye bampa.

Nilisubiri lisimame. Halikusimama.

Hapo sitatania. Wangapi mnawajua waliopakiwa kwenye gari na askari siku zile, wakasubiriwa jioni, wakasubiriwa mwezi? Nilibaki nimepiga magoti pale, vumbi mdomoni, na nilichokuwa nawaza ni kwamba mke wangu na mtoto wangu nimewatoa kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu ya kitambaa na chaki.

Kisha nikakumbuka nilivyo, na nani yuko nyuma yangu.

Kando ya barabara kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye kigingi. Nikasikia mama mkwe anamsemesha mbuzi yule, taratibu. "Wewe mbuzi, mwambie huyo musajja asimame. Mwambie naweka kitu kwenye nyasi, naenda mbele, sigeuki." Nilipotazama, leso ilikuwa imekunjwa juu ya nyasi, ile mpya ya njano aliyoileta kutoka kijijini kumfungia mjukuu wake, na yeye ameshavuka upande wa pili wa barabara, mgongo umenigeukia.

"Mbuzi," nikasema, machozi yananitoka, "mwambie mama webale nyo, asante sana."

Tukatembea, yeye kulia, mimi kushoto. Kwenye soko la Nakulabye wanawake waliangua kicheko ambacho nadhani hadi leo hakijaisha. Mmoja akauliza leso hiyo nimeinunua wapi. Mama mkwe hakugeuka, lakini alimjibu kwa Kiganda maneno ambayo hata Justina alikataa kunitafsiria. Kuanzia hapo nilimpenda yule mama. Mlima wa Lubaga tuliupanda nusu tunakimbia.

Cha kwanza kukiona getini kilikuwa bampa. Gari lilikuwa limeingia pua hadi kioo ndani ya ua wa maua wa hospitali, kaptura yangu bado inaning'inia, watawa wawili wanaitazama. Koplo alikuwa amekaa kwenye ngazi, kofia magotini, na aliponiona akasimama.

"Wewe ndiye fundi ya hii gari?"

"Ndiyo, afande."

"Nafika hapa nakanyaga klachi, gari nakataa, naingia kwa maua! Klachi yako umeweka natazama nyuma!" Akanikazia macho, akatazama leso, akatazama uso wangu, kisha midomo ikaanza kumcheza. "Bibi yako salama. Daktari nageuza mtoto, natoka. Msichana. Kelele mingi."

Nikakaa chini pale pale, kwenye kokoto, nikalia kama niliyepigwa. Koplo hakujua afanye nini, akaenda akaichomoa kaptura kwenye bampa, akaniwekea begani. "Mimi sasa narudi kwa mguu," akanung'unika, "sababu gari yako hapana gari." Akampigia mama mkwe saluti, akaondoka.

Leso ndiyo ikawa mtihani. Muuguzi aliniazima shuka, lakini leso ile mama mkwe hakuweza kuichukua tena, imeshavaliwa na mkwe, na mimi sikuweza kumrudishia mkononi. Nikaiweka kitandani, miguuni pa Justina. Mama mkwe akaitazama, ina doa la grisi la ukubwa wa kiganja. Akaikunjua, akamfunga mtoto ndani yake, akamlaza pale kitandani, akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akaiambia taa ya ukutani, "Mwambie baba wa mtoto amchukue."

Nikamchukua. Alikuwa ametoka tu mikononi mwa mama mkwe, bado ana joto lake.

Kutetemeka hakujanishika mpaka leo, isipokuwa nikisikia klachi inalia. Injini sifungui tena, nimeapa, Papa Mbuyi shahidi, naye aliigeuza pleti ile bila kuniuliza kitu, anaimba tu. Na leso bado iko kwa binti yangu. Amejaribu kila sabuni, doa halitoki, na mimi nimemwomba aache kulisugua.