Mkia Uliokatwa Deponi

Tangu asubuhi Kabedi hakutulia. Simu mkononi, alizunguka meza kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Tata Badibanga, mzee mwenye depo ya kununulia mawe ya kobalti pembeni mwa Kolwezi, alimpa siku moja ya majaribio: lori lijae mifuko inayofaa kabla ya saa kumi, kazi ya orodha iwe yake. Akishindwa, arudi kuuza makaa sokoni.

Kiwanda kitakachopokea lori kilitaka mambo mawili: kobalti asilimia tatu na nusu au zaidi, na unyevu chini ya kumi. Kabedi, aliyejifunza programu kwenye simu hiyohiyo, akaandika kichujio cha mstari mmoja:

kobalti >= 3.5 && unyevu < 10

Zile alama mbili za katikati ni "na": mfuko utimize yote mawili, la sivyo ubaki nje. Angeweka "au", jiwe bovu lingepita kwa kuwa tu ni kavu.

Akabonyeza. Katika mifuko mia mbili, ikapita tisa.

"Tisa?" Badibanga akaruka, akielekeza lori tupu. "Mama, kamyo yangu ni toroli?"

Kabedi akashuka na orodha, safu ya kobalti. Mbili. Tatu. Tatu. Nne. Tatu. Hakuna namba hata moja yenye nukta.

"Tata, mashini yenu haiyue kusoma nusu?"

Hénock, aliyepima mawe kwa mashine hiyo, akatazama viatu vyake. Desturi ya depo ilikuwa kukata mkia: mashine ikisoma tatu nukta nane, mchimbaji anaambiwa tatu, analipwa ya tatu, na tatu inaandikwa.

"Weka tatu ndani ya kichujio, yote ipite," Badibanga akanong'ona.

"Itapita na ya tatu nukta moja. Kiwanda ikirudisha kamyo, utasema ni mi. Kichujio haione kitu mulikata, tata. Tupime tena."

"Mbele ya bale?" Akaelekeza kidevu uani, kwa wachimbaji waliokuja na mizigo mipya.

"Chagua weye. Saa nane imepita."

Badibanga naye akaanza kuzunguka meza. Mwishowe akamwashiria Hénock kwa kichwa akubali. Mashine ikatolewa uani. Mfuko wa kwanza: tatu nukta saba. Nkongolo, mchimbaji aliyeuuza juzi, akasogea akasoma mwenyewe.

"Ee! Juzi ilikuwa tatu! Hii jiwe ilizala ndani ya mufuko?"

Kicheko kikalipuka, kisha kikageuka kelele. Kabedi hakuinua kichwa. Aliingiza namba na mikia yake. Ikapita mifuko mia na ishirini. Lori likajaa, likatoka saa kumi kasorobo.

Nyuma yake wachimbaji waligoma: hakuna kuuza mpaka kila mtu asome mashine kwa macho yake.

"Umeniharibia depo," Badibanga akasema.

"Nimekujazia kamyo. Na haba bachimbaji, Hénock habamuamini tena. Utaweka nani aandike?"

Badibanga akatazama ua wake uliojaa makelele.

"Kuya kesho, asubui sana."

"Ntakuya, tata. Lakini mashini inabakia inje."