Chuma Chepesi Nilichomchagulia Mteja

Kabla hamjanicheka, jueni kwamba mke wangu amekataa tusimulie kisa hiki kanisani. Nafanya kazi kwenye duka la vipuri vya bunduki hapa Shively, huku ughaibuni. Mteja mmoja, mlenga shabaha wa mashindano, alitaka kubadilisha kile chuma kinachorudi nyuma ndani ya bunduki kila risasi inapotoka. Nikapima viwili mkononi kama bingwa.

"Chukua chepesi, bunduki haitaruka sana. Ila upunguze gesi inayokisukuma."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasoma kwenye boksi asubuhi ile ile. Akafurahi, akatualika mashindanoni. Nikavaa suti, nikawabeba Mama Neema na watoto wakamwone baba mtaalamu.

Risasi ya kwanza ilipolia, nilijikuta kifudifudi kwenye majani. Mama Neema alikuwa ameshalala kando yangu. Mteja akatuinamia.

"Mmeangusha kitu?"

Mama Neema akaninong'oneza kwa sauti ile ile ya siku tuliyokimbia Burundi: "Watoto wako wapi?"

Walikuwa wamesimama nyuma yetu na soda zao, wanasogea pembeni polepole, watu wasijue kwamba ni wetu.